Nimemrudishia mama wa watu hela yake bila yeye kujua. Hapo mimi ni mwaminifu au mwongo?

Mchuuzi wa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema? Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Nanunua dagaa wabichi hapa Kibirizi, Kigoma, naanika, natuma wakavu mikoani. Sina boti wala duka. Nina mzani, magunia, simu mbili na jina, na kwenye kazi hii jina ndiyo mtaji wenyewe, maana mteja wa Tabora au Dodoma anatuma hela kwanza halafu anakaa kusubiri mzigo asiouona. Gunia limeshonwa. Hawezi kuzamisha mkono mpaka chini apime unyevu, wala kutafuna dagaa mmoja asikie kama meno yanakutana na mchanga. Anachonunua ni neno langu kwamba hawa wameanikwa kwenye chanja, hawajamwagwa ufukweni.

Kuna mama mmoja wa Tabora, mteja wangu wa miaka mitatu. Miezi miwili iliyopita aliagiza kilo 20, tukakubaliana 23,000 kwa kilo, jumla 460,000. Asubuhi meseji ya muamala ikaingia: nimepokea 640,000.

Nikaisoma mara mbili. Nne na sita zimebadilishana viti. 180,000 si yangu.

Sasa hapa ndipo penye uzi wangu. Kabla sijawaza chochote, kidole kilishaanza kuandika: "Mama shikamoo, umezidisha he..." Sikujishauri. Sikumkumbuka Mungu, sikukumbuka polisi, hata hilo jina langu sikulikumbuka. Ilikuwa kama mtu aliyetangulia mbele yako akidondosha leso, unajikuta umeshaita "we mama, leso!" kabla hujajua kama unampenda au humpendi. Sijamaliza hata neno, mitumbwi ikaanza kuingia. Anayeijua Kibirizi asubuhi za giza la mwezi anaelewa: ukichelewa dakika tano, dagaa wa maana wameshachukuliwa na wenye vifua. Nikatia simu mfukoni nikakimbilia majini.

Nilirudi kwenye ile meseji saa saba mchana, nimeloa mpaka kiunoni. Ilikuwa palepale, haijatumwa, imeishia "umezidisha he". Na hapo ndipo akili ilipofika kazini.

Ikaniambia: mwaka jana huyu mama alikukata 50,000 akidai mzigo umelowa njiani, na wewe unajua haukulowa. Ikaniambia: ana vibanda viwili, wewe kodi imepitiliza tarehe. Ikaniambia: subiri, akigundua atapiga mwenyewe, asipogundua basi hazimuumi. Ikamalizia na dini kabisa: huenda ni Mungu anakurudishia ile 50,000 yako pamoja na fidia. Hoja zilipangwa vizuri, moja inamshika mkono mwenzake, mpaka nikawa najishangaa nilivyokuwa mjinga asubuhi. Akili na wakili, wakuu, wametofautiana herufi moja tu.

Jioni nikaifuta meseji.

Nilikaa na ile hela siku tisa. Nisiwadanganye kwamba nilikosa usingizi. Nililala vizuri tu, na kodi nililipa. Kilichobadilika ni kidogo sana: akipiga simu yule mama, shikamoo yangu ilikuwa ndefu. Namuuliza mvua, namuuliza wajukuu, namuuliza goti linaendeleaje. Sikuwa nataka simu ifike mahali pa kukaa kimya.

Siku ya kumi akaagiza tena kilo 20. Hela ilichelewa kufika, akaniambia siku hizi anahangaika na simu mwenyewe na macho yake hayamsaidii. Mimi nikafunga kilo 28. Nane kwa 23,000 ni 184,000. Ile 4,000 nikaiita riba ya dhambi. Sikuandika kitu. Mzigo ulipofika akapiga: "Mwanangu, mzani wenu umeharibika?" Nikacheka, nikasema, "Hapana mama, hiyo nyongeza tu, wewe si mteja, ni mzazi."

Akanyamaza, halafu akaniombea dua ambayo salio la simu yake liliisha katikati. Wiki iliyofuata basi likaniletea dumu la lita 5 la asali, jina langu limeandikwa juu kwa kalamu nene. Na tangu hapo kaniletea wateja wanne, na kila mmoja anaanza hivihivi: "Nimeambiwa wewe ni mwaminifu sana."

Maswali yangu mawili. Moja, deni nimelipa mpaka na riba, mbona nikisikia hilo neno natamani kukata simu? Mbili, tumefundishwa silika ndiyo mnyama na akili ndiye mchungaji wake. Kwangu mnyama ndiye aliyekuwa anarudisha hela, mchungaji ndiye aliyeiba. Imekaaje hii?

Siti ya Mbele

Nimeweka kambi.

Dalali Mstaafu

Chai hii. Hakuna mchuuzi wa dagaa anayezidisha kilo nane, nimekaa pale miaka kumi na moja. Najua gunia linavyofungwa: juu weupe wa chanja, katikati mchanganyiko, chini Mungu anajua. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti, niliona kwa macho yangu dagaa wa tangu pasaka wakipanda basi kwa jina la wapya. Wewe uliye tofauti ulitokea mwambao upi?

Mchuuzi wa Kibirizi

Dalali, soma tena. Sikusema nilizidisha kwa wema. Nilizidisha kwa kuogopa kusema.

Kapteni wa Boti ya Mbao

Mchuuzi, mimi napeleka wageni Gombe, na habari za kule nimezisikia mara nyingi mpaka nazisimulia usingizini. Umesema silika ndiyo kweli na akili ndiyo uongo. Ngoja nikupe habari za Figan.

Figan alikuwa sokwe wa Gombe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960, na katika miaka ile ya mwanzo kambini walikuwa wanawawekea sokwe ndizi ili wawaone karibu. Figan bado kijana, hajawa na ubavu. Siku moja akapata ndizi nyingi, akafurahi, akapiga ile kelele ya chakula. Kelele ile kwa sokwe inatoka yenyewe, kama wewe ukikanyaga mwiba. Madume wakubwa wakaisikia, wakaja mbio, wakamnyang'anya zote. Siku zilizofuata akipata ndizi sauti anaibana. Goodall alisimulia kwamba ilikuwa inasikika kwa mbali kooni, kama mtu anayekabwa, lakini haikutoka.

Kuna siku nyingine, kundi limeshakula, Figan akaona ndizi moja imesahaulika juu ya mti. Chini yake amekaa dume kubwa, Goliath. Figan akatupia jicho mara moja, ndizi, Goliath, kisha akaondoka. Hakukaa karibu kuvizia. Alizunguka upande wa pili wa hema, mahali ambapo hata yeye haioni ndizi. Robo saa baadaye Goliath akainuka akaenda zake, na Figan moja kwa moja mpaka kwenye ndizi, hakusita.

Wageni huwa wanacheka hapo. Mimi sicheki, maana jambo la kutisha ni hilo la kuzunguka hema. Alijua akiitazama, macho yatamsaliti. Kwa hiyo aliyeanza kufichwa si Goliath, ni yeye mwenyewe.

Unaona unavyofanana naye? Ile shikamoo ndefu, mvua, wajukuu, goti. Siku tisa ulikaa upande wa pili wa hema. Lakini usikimbilie kusema Figan alikuwa mkweli mpaka akili ilipomharibu. Aliyemfundisha kunyamaza ni njaa na kipigo. Kwa mnyonge, kusema kila kitu ni anasa. Na huyohuyo mficha ndizi baadaye ndiye aliyekuja kuwa dume kiongozi wa kundi lote.

Siti ya Mbele

Kumbe uongozi ulianzia hapo 😂

Mwalimu wa Zamu

Kapteni umenikumbusha darasa la awali. Watafiti wa watoto wana mchezo wao mmoja: mtoto anakaa, nyuma yake inawekwa sanamu ya kuchezea, anaambiwa usigeuke, halafu mtu mzima anatoka nje. Wengi wanageuka. Ukimuuliza, wa miaka miwili mara nyingi anakubali. Kuanzia miaka mitatu, minne, wanakana, tena kwa uso mkavu. Unamuuliza tena: haya, hukuchungulia, unadhani ni kitu gani? Anajibu, "Twiga!" Anajisaliti papo hapo. Wakikua kidogo wanajifunza kusema "sijui" au kubahatisha jibu la uongo.

Na wanasema hiyo ni dalili njema ya ubongo unaokua, kwa sababu kudanganya kunahitaji ujue kwamba kilicho kichwani mwako hakimo kichwani mwa mwenzako. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, mimi ni mzazi. Ila ni kweli. Asiyeweza kabisa kudanganya hatumwiti mkweli, tunamwita mtoto. Ukweli unaanza siku unapoweza kusema uongo ukafanikiwa.

Kwa hiyo Mchuuzi, ile meseji ya asubuhi isikuvimbishe kichwa. Ile ilikuwa ni "Twiga!"

Mchuuzi wa Kibirizi

Mwalimu umenipiga pabaya. Yaani ule wema wangu wa asubuhi ulikuwa utoto?

Mwalimu wa Zamu

Si utoto. Ila haukukugharimu kitu bado.

Msomi wa Mkopo

Wakuu, haya mambo wenzetu wameyajadili karne nyingi. David Hume, mwanafalsafa Mskochi wa karne ya 18, aliandika kwamba akili ni mtumwa wa hisia: hisia inataka, akili inatafuta njia na sababu. Kwa Hume, Mchuuzi hakuibiwa na akili. Hisia moja, ya huruma, ilipishana na nyingine, ya kodi ya nyumba, na akili ikamtumikia aliyekuja na sauti kubwa zaidi. Immanuel Kant alikuwa kinyume. Kwake akili ndiyo inayotunga sheria, na mwaka 1797 alitetea kwamba uongo haufai hata kwa muuaji anayebisha hodi akimuulizia rafiki yako aliyejificha ndani.

Halafu kuna utafiti uliotoka mwaka 2019. Waliacha pochi zaidi ya 17,000 katika nchi 40, kwa wafanyakazi wa mapokezi, benki, hoteli na kadhalika, nyingine zina hela, nyingine hazina. Watu wa kawaida walioulizwa walidhani zenye hela zitarudi chache zaidi. Ikawa kinyume: zisizo na hela zilirudishwa kama 40 kwa mia, zenye hela kama 51 kwa mia. Walipoongeza kiasi katika nchi chache, zikarudi nyingi zaidi. Maelezo yao ni kwamba hela inapokuwa nyingi mtu anajiona mwizi, na hakuna anayependa kujiona hivyo. Mchuuzi asingejiona mwizi kwa 180,000 kama wakili wake asingempa jina jingine: fidia.

Na usitegemee kwamba mama angekugundua kwa sauti. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta watu wanatambua uongo na ukweli kwa usahihi wa 54 kwa mia. Karibu sawa na kurusha sarafu.

Dalali Mstaafu

Kwa hiyo pochi 49 kati ya mia hazikurudi. Mbona mnashangilia?

Mjukuu wa 1972

Huyo mzee Kant aje Ulyankulu tuongee naye.

Bibi yangu alikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, tumbo lina miezi sita. Usiku wa kuondoka alijificha kwa jirani, amelala chini nyuma ya vikapu vya maharage. Wakaja wanaume, wakamuuliza jirani. Jirani yule, bibi alikuwa akitusimulia, alikuwa mwanamke asiyejua hata kudanganya bei ya ndizi sokoni. Akajibu hapohapo, bila kumeza mate: "Wamepita jana jioni, wameelekea kule juu." Wakaenda kule juu.

Mtoto aliyekuwa tumboni ni mama yangu.

Mchuuzi, wewe umesema cha kwanza kutoka ndiyo kweli na akili inakuja na uongo. Kwa yule mama wa watu cha kwanza kutoka kilikuwa uongo. Hakupanga. Bibi aliwahi kumuuliza walivyokutana tena, hukuogopa? Akasema, sikuwa na muda.

Siti ya Mbele

Aisee.

Kapteni wa Boti ya Mbao

Mjukuu, heshima kwako na kwa bibi.

Ustadhi wa Ujiji

Assalaam alaykum. Ndugu zangu, kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, yaani maumbile yake safi, hilo liko katika hadithi tunayoijua wote, kwa hiyo ule mkono uliowahi kuandika sioni ajabu yake. Kisha Qur'ani inataja nafsi inayoamrisha maovu, na nafsi inayojilaumu. Mchuuzi, ile ya saa saba mchana unaijua sasa ni ipi. Na hii iliyokuleta humu kuandika, ndiyo ya pili. Ishukuru, usiikimbie.

Ila mimi kilichonigusa ni lile neno lako la kuzamisha mkono kwenye gunia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, nini hiki? Akasema, ni mvua imeinyeshea. Akamwambia: mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Mwenye kughushi si katika mimi.

Hakumwambia akitupe. Hakumwambia apunguze bei. Alimuuliza mbona hakukiweka juu. Wewe kilo zako nane ni kavu kabisa, sina shaka. Kilicholowa kiko chini bado.

Mzee wa Karabai

Vijana mnasema sana silika, silika. Mimi nimevua na karabai kabla hazijaja hizi taa za sola. Dagaa anaufuata mwanga kwa silika yake, hajakosea chochote, ndivyo alivyoumbwa. Sisi ndio tuliotundika mwanga pasipo na mwezi. Usiku wa mbalamwezi hatuendi, kwa nini? Kwa sababu ule wa kweli ukiwepo, wa kwetu hana habari nao.

Ni hilo tu. Macho yanauma.

Mama Mawese

Mwakeye, Mchuuzi. Nimewasoma wote, na wanaume mnapenda sana kufanya hela ya mtu iwe elimu.

Mimi nauza mawese, madumu ya lita 20, nami natuma mikoani, kwa hiyo haya nayajua. Kwanza, alikupa hela, umemrudishia dagaa. Alikwambia anataka dagaa? Kilo nane asizoziagiza huenda zimemkalia ndani, ama kaziuza kwa bei ya kutupa, ama kagawa kwa majirani akijua kapewa bure. Ungekuwa umerudisha 180,000, asingeigawa.

Pili, Kiswahili chetu kina maneno mawili na nyinyi mnayatumia kama moja. Mwaminifu ni wa mali: ukimwachia, utakuta. Mkweli ni wa mdomo. Wewe umekuwa mwaminifu kwa kuchelewa, ukweli hujaugusa. Ndiyo maana wakikuita mwaminifu unataka kukata simu, kwa sababu hawajakosea, na ukiwarekebisha itabidi useme lile jingine.

Tatu. Umemlipa deni lake na kumnyima haki yake ya kukasirika. Aliibiwa siku tisa, badala ya kukasirika akakuombea dua. Ile asali umeila?

Mchuuzi wa Kibirizi

Nusu.

Mama Mawese

Basi.

Dalali Mstaafu

Mama Mawese, kwa hiyo ampigie aharibu biashara? Wateja watano wanaondoka kwa simu moja. Hela imerudi, mwenye hela hajui, hakuna aliyeumia. Njia ya mwongo ni fupi, sawa, lakini ya huyu imefika Tabora, zaidi ya kilomita 400 za reli, na imerudi na asali. Aiache.

Mchuuzi wa Kibirizi

Dalali, hilo ndilo wakili wangu alilosema pia. "Hakuna aliyeumia." Nitarudi na mrejesho.

Siti ya Mbele

Siku ya tatu leo. Mrejesho mkuu, tumelala humu.

Mchuuzi wa Kibirizi

MREJESHO.

Nilipiga jana saa mbili usiku. Shikamoo fupi. Nikamwambia, mama, nina jambo, naomba unisikilize mpaka mwisho. Nikasema yote: 640,000, meseji iliyofutwa, kodi ya nyumba, kilo nane. Hata ile ya kwamba nilimlaumu kwa 50,000 ya mwaka jana niliitaja, sijui kwa nini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilijiandaa pia kwa "nimekusamehe mwanangu", na naona aibu kusema kwamba jibu la kumshukuru nilikuwa nalo tayari. Nilichosikia ni kiti kikisogezwa, halafu karatasi. Alikuwa anafungua daftari.

"Tarehe ngapi hiyo?"

Nikamtajia.

"Mimi nimeandika mia nne sitini hapa."

"Ndiyo mama, ndicho tulichokubaliana. Ila ilikuja mia sita arobaini."

Kimya. Halafu akauliza tena, polepole, kama anamuuliza mtu mwingine: "Kwa hiyo ilikwenda kwako?"

Wakuu, yule mama macho yake hayaoni vizuri maandishi ya simu. Kwenye kibanda alikuwa na binti anayemsaidia, ndiye aliyekuwa anamtumia miamala yote. Ndiye aliyebonyeza 640 badala ya 460. Mwisho wa wiki mama alipoomba aangaliziwe salio, 180,000 haipo. Kwenye daftari kuna 460,000, kwenye simu imetoka zaidi, na aliyeshika simu ni mmoja. Binti akaapa hajachukua. Meseji za zamani zilikuwa zimeshafutwa, mama anazifuta zikijaa.

Akaniambia hivi, nayaandika kama alivyosema: "Moyo ulikuwa unaniambia mtoto huyu hajachukua. Nikakaa nikapiga hesabu. Hesabu ikasema amechukua."

Alimrudisha kwao Nzega. Hata mshahara wa mwezi ule hakumpa, alisema umeshajilipa. Siku mbili baada ya hapo ndipo alipoanza kuhangaika na simu mwenyewe, na akaniambia, na mimi nikampa pole ya macho.

Nilianza huu uzi nikiwa na hoja yangu nzuri kwamba akili ndiyo mwongo. Akili ya yule mama haikudanganya. Ilipiga hesabu sawasawa kwa tarakimu ilizopewa. Iliyokosekana ilikuwa mfukoni kwangu.

Nikamuuliza nifanye nini, nirudishe hela taslimu? Akasema dagaa ameshauza, hela hanidai. Nikamuuliza na asali? Akasema kwa sauti ya kuchoka, "Asali kula, baba. Nilikupa kwa moyo." Halafu akasema nisubiri. Alikuwa anasoma namba kutoka kwenye daftari, tarakimu mojamoja, na mbili alizirudia kwa sababu hakuwa na uhakika kama ni sita au nne.

"Hiyo ni ya mama yake. Mimi nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Lakini atangulie kusikia kwako."

Siti ya Mbele

Daah.

Dalali Mstaafu

Nafuta ile ya "hakuna aliyeumia". Nakubali.

Kapteni wa Boti ya Mbao

Umeshapiga?

Mchuuzi wa Kibirizi

Namba iko hapa tangu jana. Nimeandika "Dada habari, hunifahamu" nikaishia hapo. Kidole safari hii hakianzi chenyewe.

Mwalimu wa Zamu

Hakiwezi kuanza chenyewe. Hii ndiyo inayogharimu.

Mama Mawese

Usiandike meseji. Mtoto kafukuzwa kwa sababu ya meseji, unataka kumletea nyingine? Piga, uongee na mama yake kwanza, ujitaje jina lako kamili na unapokaa. Halafu mshahara wa ule mwezi ni wako kuulipa, si wa yule mama. Na nauli ya kurudi Tabora pia, kama atataka kurudi. Asipotaka, unalipa hivyohivyo.

Mchuuzi wa Kibirizi

Sawa mama. Kuna mtu humu wa Nzega? Nauli ya kutoka hapo mpaka Tabora mjini sasa hivi ni shilingi ngapi?